Isale Nililopokea Nikiwa Sina Mdomo

Mlioniacha wiki iliyopita kwenye benchi la daktari wa meno mjini Moshi, nimeshika shavu na kumlaani kila aliyenipita, njooni sasa mjue nilivyotoka. Nilitoka bila gego. Hilo peke yake lisingekuwa na neno.

Kwa anayeanza leo, mimi ni Winfrida, mshonaji wa Njoro, miaka arobaini na moja, na nina mdomo. Wanaonijua hawaulizi mdomo gani. Ndio ulionitoa kwa mume kule Chekereni, na ndio niliokuwa nautegemea unirudishe kwetu Mbokomu.

Marehemu baba aliniachia kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, chini ya mfereji tunaouita mfongo, chenye migomba, kahawa kidogo na nyumba ya vyumba viwili. Alinipa kwa kinywa chake, mbele ya mama, siku nne kabla hajafa. Kaka yangu Praygod, anayepandisha wageni mlimani, anakitaka ajenge vibanda vya watalii. Mwezi uliopita alitupa godoro langu nje ya nyumba hiyo mvua ikinyesha. Ukoo ukaitisha kikao, Jumamosi, kila mmoja aseme lake mwenyewe.

Ndipo gego la mwisho, lile la kulia chini, lililokuwa limeota kwa kulala, likaanza kumsukuma jirani yake. Daktari akasema halingoji. Jumatano likatolewa. Mimi ambaye silaha yangu ni ulimi nikabakiwa na siku tatu.

Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo, mpole wa mikono, mkali wa maneno. Alipasua ufizi, akalivunja gego vipande viwili, akashona nyuzi tatu, akaniwekea pamba niing'ate. Kisha akaanza kunipa masharti. Sikusikia hata nusu. Mtu amepigwa ganzi hadi sikioni, unamwambia nini akaelewa? Alipoona simfuati akayaandika yote kwenye karatasi, akamkabidhi aliyekuja kunichukua.

Aliyekuja kunichukua hakuwa Rukaiya.

Hapa nakiri. Rukaiya ni rafiki yangu, tunashona naye banda moja. Alikuwa amenitandikia kitanda kwake tangu asubuhi, na uji ameupika ameuacha upoe. Nilijua hayo yote. Lakini nilipotoka nikamkuta wifi yangu Rachel, mke wa Praygod, amesimama mlangoni na kitenge mkononi, gari la kaka liko nje. Akanifunika mabega. Akaniambia kwamba nyumbani ni nyumbani, na kwamba watu wa damu moja hawagombani siku ya ugonjwa.

Nikapanda. Msinitafutie sababu nzuri, sina. Nilikuwa nimechoka kupigana, na kiti cha gari kilikuwa laini.

Rukaiya nilimtumia ujumbe tukiwa tumeshaanza kupanda mlima. Alinijibu neno moja tu, "Haya." Anayemjua Rukaiya anajua kwamba hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Sasa niwaambie jinsi nilivyouguzwa, maana nikificha hilo mtaniona mjinga kuliko nilivyo. Rachel alinipa chumba cha wageni. Aliniwekea mito miwili kichwa kikae juu, damu isijae shavuni. Barafu aliifunga kwenye taulo, dakika ishirini shavuni, ishirini ipumzike, na alikuwa anaangalia saa. Dawa zilikuja kwa wakati. Alipika mtori wa ndizi na nyama, akauponda, akauchuja nyama yote ikatoka, akaupoza mpaka ukawa vuguvugu.

Majirani walipokuja kunijulia hali aliwarudishia mlangoni. Niliwasikia. Alikuwa anawaambia kwamba wifi haruhusiwi kuongea, nyuzi zitafumuka, waje Jumapili.

Na ili nisihangaike kufungua kinywa, akaniletea mrija. Mtori mwepesi nanyonya, maziwa nanyonya, uji wa ulezi nanyonya. Alhamisi nzima nilinyonya kwa raha zangu. Miaka tisa ya ndoa hakuna mtu aliyewahi kunipulizia uji, na mimi nikafikiri, labda nilimwonea huyu mwanamke. Nililala usingizi mzuri. Aibu yangu kubwa katika habari hii ni usingizi ule.

Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi jioni, mlango ukagongwa.

Aliingia Praygod. Nyuma yake akaingia Mzee Jacob, baba yetu mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nikainua mkono kifuani badala ya kusema shikamoo. Mzee akaitika kwa kichwa, akasimama karibu na dirisha.

Mkononi mwa Praygod kulikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

Wachagga wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine niseme hivi: kwetu mtu akikukosea, hata awe amekuulia ndugu, akija na isale umesamehe. Hulikatai. Anayekataa isale anaita laana nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nilimwona baba, nikiwa darasa la tatu, ameshika panga anamngoja kijana aliyegonga ng'ombe wetu wa maziwa kwa lori, ng'ombe pekee tuliyekuwa naye. Kijana akatokea na jani lile. Baba akaweka panga chini, akamkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Praygod alipiga goti. Kaka yangu, ambaye harusini kwangu hakutaka hata kunishika mkono, alipiga goti kwenye zulia.

"Mdogo wangu, nimekukosea," alisema. "Nisamehe kwa yote yaliyopita kati yetu."

Mimi nikaona godoro. Nikaona mvua, na shuka zangu zimejaa matope, na watoto wa jirani wanatazama. Hicho ndicho nilichodhani kimemleta. Siku nyingine yoyote ningemuuliza, yote yapi? Ningemfanya ayataje moja moja, na kila moja ningemwongezea alilolisahau. Lakini nilikuwa na shavu la ukubwa wa chungwa, na dawa kichwani. Machozi yalinitoka. Nikalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimeshuhudia," alisema Mzee Jacob.

Niliona ajabu kidogo. Mtu na dada yake wanapatana chumbani, shahidi wa nini? Lakini Rachel alikuwa ameshaingia na bakuli, na mrija, na tabasamu. Nikanyonya.

Ijumaa asubuhi niliamka na maumivu ambayo sijawahi kuyajua, na nimezaa watoto wawili. Hayakuwa ya kidonda. Yalianzia shimoni, yakapanda taya, yakaingia sikioni, yakakaa huko yakigonga. Kinywa kilinuka, nilijisikia harufu mwenyewe. Nilipojaribu kufungua, taya lilikubali upana wa kidole kimoja, basi.

Nikainuka kutafuta chumvi nisukutue. Rachel alikuwa nje kwa ng'ombe. Jikoni kwake nikainua kopo la chumvi, na chini ya kopo nikaikuta ile karatasi ya daktari imekunjwa.

Niliisoma nimesimama. Mito miwili, ndiyo. Barafu, ndiyo. Chakula laini kisicho moto, ndiyo. Sharti la tano daktari alikuwa amelipigia mistari miwili chini yake: asinyonye kitu chochote kwa mrija kwa muda wa wiki moja, donge la damu litang'oka na mfupa utabaki wazi.

Na sharti la mwisho lilisema kwamba naruhusiwa kuongea kwa utaratibu kuanzia siku ya pili.

Rachel akaingia na ndoo ya maziwa. Akaona nilichoshika. Akaweka ndoo chini taratibu, maana yeye hata siku mbaya hamwagi maziwa.

Nikamwonyesha ule mstari kwa kidole.

"Nilisahau, wifi," alisema. "Mambo ni mengi."

Nikagonga kidole pale pale, mara ya pili, mara ya tatu. Kinywani mwangu kulikuwa na matusi ya kutosha ukoo mzima, na hakuna hata moja lililopata njia ya kutokea.

Akanitazama vizuri, na ile sura ya kuuguza ikamtoka. "Lakini umepumzika, si ndiyo? Na sisi tumepumzika. Kama ni kihamba, isale umeshalipokea na shahidi yupo. Kesho baba mdogo anamalizia tu."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Halikuwa jani la godoro. Yale "yote" ya kaka yangu yalikuwa na migomba ndani yake, na kahawa, na vyumba viwili, na mfongo unaopita juu yake. Mimi nilikuwa nimeyasamehe kwa mikono miwili, nikilia.

Juu ya meza kulikuwa na bakuli la mtori wangu wa asubuhi. Nikalichukua, nikalimwaga polepole kwenye sakafu aliyoipiga deki alfajiri. Lote. Nikaweka bakuli mezani, nikaondoka. Sijutii. Kama ningekuwa na sufuria nzima ningeimwaga pia.

Tangu saa hiyo mito ikapungua ikawa mmoja, na barafu ikaisha kwenye friji.

Nilimwandikia Rukaiya. Alinijibu kwamba ameongea na daktari, na daktari amesema nishuke mara moja, anasafisha shimo na kuweka dawa, na maumivu yanapungua siku hiyo hiyo. Anamtuma bodaboda. Nikamjibu asimtume. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia kikao ni kesho, na kwetu asiyekuwepo kikaoni ameshasema ndiyo. Nikishuka mjini leo, nimeshashuka moja kwa moja.

Basi nikabaki. Nikameza dawa zilizobaki, nikasukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu, nikakaa na taya langu.

Mchana mama akaja chumbani. Anaishi hapo hapo kwa Praygod, kwenye chumba cha nyuma. Alikaa kitandani, akaniwekea kiganja shavuni, mkono wake unanuka sabuni ya maziwa ambayo Rachel humwogeshea.

Naam, Rachel ndiye anayemwogesha. Niseme na hili, maana nikilificha mtalisikia kwa wengine. Kwa miaka tisa niliyokuwa Chekereni, mlima nikiuona kila asubuhi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, nilipanda kumwona mama mara tatu. Alipovunjika nyonga nilituma mchele.

Nilichukua daftari nikaandika, "Mama, kesho utasema?"

Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua.

"Mwanangu," alisema, "siku ile baba yako alipokupa tulikuwa watatu chumbani. Yeye amekufa, wewe huna mdomo. Nani mwingine atasema kama si mimi?"

Nikamshika mikono nikaibusu. Maumivu yalikuwa yale yale, lakini sasa yalikuwa na mwisho.

Jumamosi walichinja mbuzi. Watu walijaa uwanjani tangu saa nne, mbege ipo, nyama inachomwa, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nimejifunga kitenge kichwani hadi kidevuni. Shangazi mmoja aliniletea kisusio, supu ya moto ya damu ya mbuzi. Nikamtazama. Akaondoka nacho.

Baada ya sala ya kufungua, Mzee Jacob alisimama na kata ya mbege mkononi. Hakuzungusha maneno.

"Praygod alimpelekea dada yake isale," alisema. "Winfrida alilipokea kwa mikono yake miwili, na mimi nilikuwepo. Ugomvi wa kihamba umekwisha. Kipande cha chini ya mfongo kinabaki kwa Praygod, na dada yetu atakuja kama mgeni, atapokelewa vizuri. Mwenye neno aseme kabla sijanywa."

Wote wakanigeukia. Wengine walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo tu, kumsikia Winfrida akifungua mdomo. Nilikuwa nimewaahidi wengi.

Nikasimama. Nikavuta pumzi, nikafungua nilipoweza kufungua. Ikatoka sauti. Haikuwa neno. Ikatoka na mate, na mate yalikuwa na damu, yakanidondokea kwenye kitenge. Nikajaribu tena. Kule nyuma kwenye nyama mtu alicheka, na aliyekaa naye akacheka pia.

Praygod hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yake, uso wake umejaa huruma, na ile huruma niliichukia kuliko kicheko.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa karatasi niliyoiandika Ijumaa, herufi kubwa, mistari minne. Nawaandikia kama ilivyokuwa:

"Isale nililipokea kwa ajili ya godoro, si kwa ajili ya ardhi. Kaka hakutaja ardhi. Kipande hiki alinipa baba kwa kinywa chake. Aliyekuwepo ni mama, na yuko hapa. Muulizeni."

Praygod akanyoosha mkono anisomee. Nikampita. Mzee Jacob akanyoosha mkono. Naye nikampita, kwa heshima zote, lakini nikampita. Nikaenda hadi kwenye kiti cha mama, nikaiweka karatasi mapajani mwake.

Watu wakasogea karibu. Hata wale wa nyama.

Mama akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudi juu, akaanza tena. Nyuma ya kiti chake alikuwa amesimama Rachel, amemshikia sahani, nyama imekatwa vipande vidogo vya kumfaa mtu asiye na meno. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya bega la mama. Hakuwa anamkandamiza. Ulikuwa umekaa tu pale, kama unavyokaa kila siku anapomtoa juani.

Mama akainua uso. Akamtazama Praygod kwanza. Kisha akautazama mkono ule begani mwake. Mimi nilikuwa mbele yake kabisa na hakunitazama.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo.

"Anasema amesamehe," alisema mama. Sauti yake haikutetemeka. "Anasema kaka yake achukue, yeye kazi yake iko mjini. Tuombe."

Nilitoa sauti. Sijui ilikuwa sauti gani. Nilimshika mama mkono, nikavuta lile pindo la kitenge, na Rachel akanishika kiunoni kwa upole, akisema kwa watu wote kwamba maskini, ni maumivu, dawa zimeisha. Shangazi wawili wakaja kunisaidia kukaa.

Mzee Jacob akanywa. Kata nzima. Akafuta midomo, akavua kofia, akaanza sala ya kufunga, na uwanja mzima ukainamisha vichwa. Praygod aliinamisha chake kuliko wote.

Alimshukuru Mungu kwa ajili ya amani. Alimshukuru kwa ajili ya mbuzi. Macho ya ukoo wote yalikuwa yamefumbwa isipokuwa yangu, nikimtazama mwanamke aliyenizaa. Na yeye hakuwa amefumba.